Sura ya Tisa: Narelle Arudi Wirrabilla

Narelle Cuddihy alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga tena mji mdogo wa Wirrabilla, na kwa miaka miwili alikuwa amekitunza kiapo chake. Lakini mafuriko hayajui viapo vya watu. Usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo mto ulivunja kingo, daraja la kwenda kaskazini likafungwa, na asubuhi polisi aliyesimama mvuani akamwambia baba yake kwamba njia iliyobaki ni ile ya kupitia Wirrabilla tu. Barney Cuddihy akaligeuza lori. Narelle, aliyeketi kando yake na gitaa mapajani, aliangalia nje. Mashamba ya ngano yalikuwa yamegeuka maziwa, na kasuku weupe walikuwa wamejipanga juu ya nguzo za ua kwa kuwa hawakuwa na pengine pakavu pa kutua.

"Tutapiga shoo moja tu hapo," baba yake alisema. "Watu wamekwama, wanahitaji kuchangamshwa. Maji yakipungua tunaondoka."

"Sawa, Baba."

"Si lazima uonane na mtu yeyote."

"Nimesema sawa."

Barney alijua huyo "mtu yeyote" ni nani, na Narelle alijua kwamba baba yake anajua.

Narelle alikuwa amekulia ndani ya lori lile. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, na tangu hapo dunia yake ilikuwa na watu wawili, yeye na baba. Barney alipiga kodiani na kuchekesha watu, akizunguka na onyesho lake mji hadi mji: kwenye kumbi za vijiji, kwenye mabanda ya kunyolea kondoo, na pasipokuwa na ukumbi, nyuma ya lori lenyewe. Mara ya kwanza Narelle alipoimba mbele za watu alisimamishwa juu ya kasha la machungwa ili akifikie kipaza sauti. Hata kabla hajavunja ungo, watu walikuwa wakiuliza mlangoni kama yule mtoto ataimba, ndipo walipe. Zikaja santuri. Kisha ukaja wimbo wake wa "Barabara Haina Kwao", na hapo Australia nzima ikalijua jina lake. Uliimbwa kwenye baa, ukaimbwa jikoni, ukaimbwa na madereva wa malori usiku wakipambana na usingizi. Huko Tamworth, mji ambao waimbaji wa kantri, muziki wa watu wa mashambani, huuendea kila Januari kama waumini waendao hija, walimpa tuzo, ukumbi mzima ukasimama.

Wote walidhani ule ni wimbo wa barabara. Kumbe ulikuwa wimbo wa mwanamume mmoja, mkulima wa ngano na kondoo, mrefu, mwenye sauti ya chini na mikono isiyojua kutulia, aitwaye Lachlan Strahorn.

Lachlan alikuwa amemwomba aolewe naye, wakiwa wamesimama nyuma ya ghala la ngano hapo hapo Wirrabilla. Mchana wa siku hiyo mama yake Lachlan alikuwa ameshasema mezani, mbele yao wote wawili, kwamba hataki mkwe ambaye nyumba yake ina magurudumu. Barney naye alikuwa amemwambia binti yake kwamba akiondoka, shoo imekufa. Hakulisema kwa hasira, na ndiyo maana lilimchoma Narelle zaidi. Basi Narelle akamjibu Lachlan kwamba hawezi kumwacha baba yake peke yake barabarani. Lachlan akasema, "Basi usipite tena hapa, Narelle. Sitaweza kuvumilia kukuona ukipita." Ule wimbo ulizaliwa alfajiri iliyofuata, ndani ya lori, Narelle akiwa amegeuzia uso dirishani ili baba yake asione machozi.

Na sasa alikuwa anapita.

Mjini umeme ulikuwa umekatika na simu zimekufa. Ukumbi ulikuwa umejaa watu waliohamishwa kutoka nyumba za bondeni, magodoro yamepangwa ukutani, mbwa wamefungwa barazani, na wanawake wa mji wanachemsha chai kwa majiko ya gesi na kukata mikate ya nyama ya chumvi bila kupumzika. Kwa kuwa taa hazikuwepo, waliafikiana na Barney kwamba onyesho lifanyike mchana huo huo, mwanga wa madirisha ukiwa bado mzuri. Narelle na baba yake wakashusha vyombo vyote. Katika kupita na kupita, macho ya Narelle yalizunguka nyuso za watu haraka haraka, kama ya mtu anayeiba. Lachlan hakuwepo. Akashusha pumzi, kisha akajikasirikia, maana pumzi ile haikuwa ya furaha.

Alikuwa akikaza nyuzi za gitaa katika chumba kidogo cha nyuma ya jukwaa mlango ulipogongwa, akaingia Bi Enid Strahorn, mama yake Lachlan. Narelle alimkumbuka kama mwanamke asiyetoka nje kabla nywele hazijakaa sawa. Leo nywele zilimwangukia usoni zikiwa zimelowa, na alikuwa amevaa koti la kiume na buti za mpira. Narelle alisimama mara moja, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Kaa, binti," Bi Enid alisema. "Sikuja kugombana."

Mwenyewe hakukaa. Alieleza akiwa amesimama, na maneno yalimtoka moja moja. Jana alasiri Lachlan alikwenda bondeni kuwahamisha kondoo majike kuwapeleka mlimani. Maji yakaja usiku. Majirani walijaribu kumfuata kwa trekta asubuhi, wakashindwa. Boti ya polisi ilikuwa ng'ambo ya pili ya mto ikihamisha wagonjwa. Tangu hapo hakuna aliyemwona wala kumsikia.

Narelle aliliweka gitaa chini taratibu ili lisimponyoke.

"Nimekaa dirishani tangu jana," Bi Enid aliendelea. "Na unajua nilichokuwa nikikiwaza? Redio."

"Redio, Bi Strahorn?"

"Wimbo wako ukianza, Lachlan huinuka akaizima. Hasemi kitu. Anazima, anatoka, anakwenda kuangalia kondoo ambao hawana shida yoyote. Miaka miwili nyumba yangu haina muziki wala kicheko, na mimi ndiye niliyeifanya hivyo. Nilidhani nitampatia mtu wa hapa hapa, anayejua kutulia. Wamekuja wasichana, wamekula keki yangu, wameondoka." Alifuta uso kwa mkono wa koti. "Usiku nikasema, Mungu akinirudishia huyu mtoto, sitamzuilia kitu tena. Na leo nikasikia lori la Cuddihy limeingia mjini."

"Unataka nifanye nini?"

"Sijui. Nilitaka tu kukaa na mtu anayeogopa kama mimi. Nimezunguka ukumbi mzima sikumpata."

Narelle alimvuta yule mama kwa mkono, akamkalisha kwenye kiti chake, akammiminia chai kutoka chupa yake mwenyewe. Mapenzi ni kikohozi, wahenga walisema, na Bi Enid alimtazama usoni akaona kila kitu ambacho Narelle alikuwa amekificha kwa miaka miwili chini ya poda na taa za jukwaani.

Barney alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Alivua kofia. Akauliza maji ya njia ya bondeni yana kina gani. Bi Enid akasema kifua cha farasi, na kwenye kijito ni zaidi. Barney akachungulia dirishani, akalitazama lori lake la kijani lililokuwa la jeshi zamani, refu, magurudumu yake yakimfika mtu kiunoni. Narelle alimwelewa kabla hajafungua mdomo.

"Baba, lile lori ndilo kila kitu tulicho nacho."

"Vyombo tumeshashusha. Lililobaki ni bati na tairi."

"Na wewe je? Wewe utakuwa ndani."

"Mimi nimeendesha kwenye matope ya Queensland kabla hujazaliwa." Alivaa kofia yake tena, kisha akaishusha sauti. "Mwanangu, wewe imba. Watoto wanalia huko nje. Mimi na sajini wa polisi wa hapa tutakwenda na kurudi."

Ni huyu huyu Barney ambaye neno lake lilimzuia Narelle kuolewa na Lachlan. Narelle alimtazama akichechemea kuelekea lorini kwa nyonga yake mbovu, sajini wa polisi akimfuata na kamba begani, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi mgongo wa baba yake ulivyoinama. Lori likanguruma, likaondoka. Sasa watu wote wawili aliowapenda duniani walikuwa majini.

Akapanda jukwaani. Bila umeme hapakuwa na kipaza sauti, ilikuwa ni koo lake na gitaa tu, kama zamani zile za kasha la machungwa. Mnyoa kondoo mmoja mzee aliomba "Barabara Haina Kwao". Narelle akamwambia kwa upole kwamba leo hapana, leo wataimba za kuchekesha. Akawaimbia ule wa ng'ombe aliyekula kofia ya bwana harusi, ambao kila ubeti ng'ombe anakula kitu kingine, na watoto wakaacha kulia wakaanza kupigana vikumbo kuwahi kutaja kitakacholiwa. Bi Enid alikaa mstari wa mbele, mikono imekumbatia koti. Mvua ilianza tena kulipiga bati, Narelle akapandisha sauti. Mwanga wa madirishani ulihama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Kisha akaingia kijana wa duka la matairi, akamnong'oneza mtu wa benchi la nyuma. Narelle aliiona habari ile ikisafiri. Aliiona ikitoka uso hadi uso, benchi hadi benchi, kila inapopita kicheko kinakatika, hadi ikamfikia Bi Enid. Narelle hakuhitaji kuambiwa, ingawa mwanamke mmoja wa mbele alisema kwa sauti ya kusikika: lori la kijani limeonekana kutoka kilima cha tangi la maji, limezama hadi kwenye kioo, na ndani hamna mtu.

Hakuacha kuimba. Aliona kwamba akiacha, ukumbi wote utalia, na watoto wale hawataisahau siku hiyo maishani. Akaendelea na ng'ombe wake, machozi yakimtiririka, ng'ombe akila mkanda wa bwana harusi, akila shada la maua, akila viatu vya mchungaji. Watoto walidhani analia kwa kucheka.

Mlango ukafunguliwa.

Wa kwanza kuingia alikuwa mbwa, amelowa chapachapa, akajikung'uta akawarushia maji watu wote wa nyuma. Akafuata Sajini. Nyuma yake akaja Barney bila kofia, mkono wake mmoja ukiwa shingoni mwa kijana mrefu aliyejaa matope hadi kwenye nyusi, na kijana huyo alikuwa Lachlan.

Narelle alisahau maneno. Gitaa likanyamaza katikati ya ubeti, na kwa sekunde chache mvua peke yake ndiyo iliyosikika. Bi Enid alimfikia mwanawe kwanza. Alimpiga kofi la kifua, kisha akamkumbatia na matope yake yote. Narelle alishuka jukwaani, na miguu yake ikampeleka kwa baba. Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamwangalia jicho hili na jicho lile, kama anayehakikisha kwamba ni yeye.

"Tulikwenda kumwokoa," Barney alisema, meno yakigongana, "akatuokoa yeye."

Yaliyotokea yakasimuliwa vipande vipande, huku wakivikwa mablanketi. Lachlan alikuwa salama muda wote, juu mlimani, ndani ya banda, pamoja na kondoo na mbwa wake, ila amezingirwa na maji. Lori lilimfikia vizuri tu. Ni wakati wa kurudi, kwenye kijito, injini ilipokufa na maji yakaanza kulisukuma kama kasha tupu. Wote wakapanda juu ya paa. Lachlan akaichukua kamba ya Sajini, akaogelea hadi kwenye mkalitusi mkubwa, akaifunga, akarudi kumchukua mzee. Wakatembea maili kadhaa wakizunguka maji.

"Angesema neno moja tu huko majini," Barney alimnong'oneza binti yake, "angesema, 'Mzee, si wewe uliyeninyima binti yako?' Ningekufa kwa aibu kabla ya kufa maji. Hakusema. Alisema nishike kamba vizuri."

Walikuwa wamekaa kwenye godoro katika chumba cha nyuma, Narelle akimsugua miguu. Akamwambia pole kwa lori. Barney akatikisa kichwa.

"Hunielewi. Nilipoliona linazama nilingoja moyo uniume. Haukuuma. Nilijisikia kama mtu aliyetuliwa gunia."

Narelle aliacha kusugua. "Tangu lini umechoka, Baba?"

"Tangu nyonga hii ianze kuuma. Muda mrefu. Lakini wewe ulikuwa unaipenda barabara. Ningekunyimaje?"

"Mimi? Mimi niliendelea kwa ajili yako. Ulisema nikiondoka shoo imekufa."

"Nilisema imekufa. Sikusema nitalia mazishini." Barney alijifuta pua kwa blanketi. "Jioni ile nilisema kwa woga tu. Kesho yake nikangoja uniambie tuache. Hukusema. Nikaona, haya, mtoto kachagua jukwaa, acha nimwendeshee."

Walitazamana. Miaka miwili kila mmoja alikuwa amembeba mwenzake, na hakuna aliyeomba kubebwa. Narelle ndiye aliyeanza kucheka, kisha Barney, wakacheka hadi mbavu zikawauma, na katikati ya kicheko Narelle akalaza kichwa kwenye bega la baba yake akalia kidogo, kilio chepesi kisicho na uchungu.

"Nenda basi," Barney alisema. "Yupo barazani. Anajifanya anamfuta mbwa wake."

Kweli Lachlan alikuwa anamfuta mbwa. Mvua ilikuwa imekatika, na upande wa magharibi mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo, maji yote yale yakang'aa. Narelle alikaa kwenye ngazi, hatua mbili kutoka alipokaa yeye. Kisha Lachlan akasema, bila kuinua macho, kwamba Septemba alikuwa mjini Dubbo kuuza kondoo, akaona tangazo lenye picha ya Narelle.

"Nilisimama nje ya ukumbi mpaka wimbo wa kwanza ukaisha. Nikaondoka."

"Kwa nini hukuingia?"

"Nilikukataza kupita kwangu. Ningekuwa na haki gani ya kupita kwako?"

Narelle alitazama mikono yake, ile mikono isiyojua kutulia, ilivyochubuliwa na kamba. Alitaka kuishika, lakini kwanza ilimpasa kusema lililo moyoni, maana akilimeza leo litamtokea mbele ya safari.

"Lachlan, baba yangu anataka kupumzika. Mimi sitaki. Sydney wananingoja Mei nirekodi. Januari kuna Tamworth. Nimejaribu kufikiria kuacha kuimba, nikaona sijui nianzie wapi. Kama unataka mwanamke wa kukaa tu, niambie sasa hivi, nitakwenda zangu, na safari hii sitatunga wimbo."

Lachlan alimwachia mbwa. Alimgeukia Narelle, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie ukumbini, na macho yake mekundu ya kukosa usingizi hayakukwepa.

"Nilikukosea siku ile," alisema. "Nilikuomba ubaki. Nilipaswa kukuomba urudi."

Narelle akainua uso kumtazama.

"Nenda Sydney. Nenda Tamworth. Nitakupeleka kituo cha treni mwenyewe. Usiku mzima jana nilikaa na kondoo gizani nikiyasikiliza maji, na sikuwaza ngano wala shamba. Niliwaza kwamba kama nitakufa, nitakufa sijawahi kuusikiliza wimbo ule hadi mwisho. Hata sijui unaishaje."

"Unaishia vibaya," Narelle alisema. "Nitaubadilisha."

Akasogea zile hatua mbili. Akashika mkono wake, na Lachlan akaufunga wa pili juu yake, kwa uangalifu, kama ambaye bado haamini kwamba ameruhusiwa. Hakukuwa na busu la kuonyesha watu, maana madirisha yote ya ukumbi yalikuwa na vichwa vya watoto. Narelle alipangusa tope shavuni mwake kwa kidole gumba, likabaki lingine nyuma yake, akapangusa hilo pia.

"Nitarudi," alimwambia. "Kila mara."

Bi Enid alitokea mlangoni na sahani ya skonzi. Aliiona ile mikono minne, akaangalia kando kwanza, akakohoa, kisha akasema watoto wanadai ng'ombe bado ana njaa, na isitoshe kuna jambo la kuangalia huko nyuma. Wakamfuata.

Katika chumba kidogo Barney Cuddihy alikuwa amelala kwenye godoro la waliokumbwa na mafuriko, chali, mdomo wazi, akikoroma hadi madirisha yanaitika. Jua lilikuwa bado halijazama. Maisha yake yote Narelle hakuwahi kumwona baba yake amelala mchana. Siku zote palikuwa na mji mwingine mbele, mafuta ya kutia, tairi la kuangalia, ukumbi wa kuwahi. Kwa mazoea akainama kumtikisa bega.

Bi Enid akamzuia mkono. Alimfunika mzee blanketi la pili, akaliingiza vizuri chini ya miguu yake.

"Mwache alale, mwanangu," alisema. "Leo hana safari."